Kipimo cha Utabiri

Kitu hupimwa kwa kazi yake. Jembe hupimwa kwa ulimaji, jahazi kwa safari, na dawa kwa afya ya mgonjwa. Utabiri wa hali ya hewa, aghalabu, hupimwa kwa hesabu ya kupata na kukosa. Hesabu hiyo ni ya lazima, walakini haitoshi, na pengine hudanganya.

Mwaka 1884 askari wa Marekani, John Finley, alitabiri vimbunga vya nchi kavu mara 2,803, akasadifu mara 2,708, yaani asilimia 96.6. Wakosoaji wakaonyesha kwamba kama angalisema kila mara kuwa hapana kimbunga, angalipata asilimia 98.2. Finley alionya bure mara 72, lakini kati ya mara 51 ambazo vimbunga vilikuja, 28 alivitangulia kwa onyo. Aliyekana daima angalimshinda kwa hesabu, na asingalionya hata nyumba moja.

Hoja hiyo ina makao Olasiti pia, kata ya magharibi ya jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza kama mvua za masika na za vuli zitakuwa za wastani, chini yake au juu yake. Wastani huo huanzia asilimia 75 hadi 125 ya mvua ya miaka mingi. Lakini mvua yaweza kutimiza wastani kwa siku chache za gharika, na katikati jua la majuma matatu likaunguza mahindi machanga. Daftarini utabiri umesadifu. Shambani mbegu imekufa. Ndiyo sababu habari za mwanzo wa mvua na za vipindi vya ukavu, ambazo pia hutangazwa, humfaa mkulima kuliko jumla ya msimu.

Tena watumiaji hawafanani. Mama aliyeanika maharage juu ya turubai huyaanua kwa dakika chache. Yakinyeshewa, amepoteza chakula cha miezi. Kwake, dalili mbili za mvua katika kumi zatosha. Mkulima mwenye mbegu ya kupanda mara moja tu hudai saba au nane. Tangazo la “itanyesha” au “haitanyesha” halina budi kumdhulumu mmoja wao.

Hapo swali la hesabu hugeuka swali la maadili. Mtabiri mwenye kuogopa lawama hutia onyo chumvi. Mwenye kuogopa kukosea husema neno pana lisiloweza kukosa. Wote wawili huficha kiasi cha shaka yao, na shaka hiyo ni haki ya msikilizaji, kwani ndiye atakayelipa. Mwaka 1993 Allan Murphy wa Marekani aligawa wema wa utabiri mafungu matatu: neno kulingana na imani ya mtabiri, utabiri kulingana na tukio, na faida kumfikia mtumiaji. La kwanza ni uaminifu, la pili ustadi, la tatu huduma.

Yamkini itasemwa kwamba watu wa kawaida hawaelewi hesabu ya shaka. Lakini mkulima agawaye mbegu mafungu mawili, moja akalipanda mapema na jingine akaliweka akiba, amekwisha kuifanya bila kalamu. Asichopewa ni tarakimu ya kumwongoza.

Basi utabiri na uulizwe maswali mawili: ulisadifu mara ngapi, na nani aliweza kutenda vema kwa ajili yake? Jibu la kwanza lapatikana ofisini. La pili halipatikani mpaka mwenye shamba aulizwe.