Kazi na Khiari ya Mja

Bismillahi Rahmani Rahim. Ama baad: imekuwa masala kwa watu wa kazi, kwa nini mtu mmoja hushinda baharini tangu alfajiri, akarejea mwili umechoka na moyo umetua, na mwingine hukaa kivulini mwa ofisi, akarejea roho imemwelemea?

Jua, ewe ndugu, kwamba wanazuoni wa Kiashaari wamepambanua: kuumba ni kwa Mwenyezi Mungu, na kasbi ni ya mja. Nahodha wa Kilwa hamiliki kusi wala kaskazi. Lililo lake ni tanga, na usukani, na saa ya kung'oa nanga. Kidogo hicho ndicho kimtulizacho. Na matabibu wameshuhudia: uchunguzi wa watumishi wa serikali mjini London, uliotangazwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba wasio na kauli katika kazi zao walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko wenye kauli.

Pwani hii nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1905 watu wa milima ya Matumbi, bara ya Kilwa, waling'oa pamba ya Wadachi kule Nandete. Hawakuwa wageni wa jembe. Bali jembe lile lilikuwa la amri, saa yake ya mwingine na faida yake ya mwingine. Kisha, zama za Waingereza, mashamba ya mkonge yalikuwa na kipande: siku 30 za kazi, zitimizwe ndani ya siku 42. Kukata mkonge ni kazi nzito, na ujira ulikuwa haba. Lakini mtu alijichagulia siku ya mkonge na siku ya shamba lake mwenyewe.

Basi asiambiwe aliyefungwa mikono, "Tawakali, uvumilie." Mtume (s.a.w.) aliamrisha ngamia afungwe kwanza, kisha ndipo tawakali, na asiyepewa kamba atafungaje? Mwenye kuajiri akimtwika mtu dhamana, ampe na kauli kwa kadiri yake. Kwani kumhesabia mtu lile asiloachiwa ni dhulma.

Na mfanyakazi naye ajihesabu. Lililo mkononi mwake alitimize kwa ihsani. Lisilo mkononi asilale nalo kitandani. Atakaye kumiliki upepo huchoka bure. Na aachaye usukani kwa kusingizia kudra, chombo chake kitapanda mwamba.

Wallahu aalam.