Kutulia na Kutulizwa

Mwenye kuipenda picha ya kolodioni aghalabu huanza kwa kuupenda ugumu wake. Hutwaa kipande cha kioo, akakisugua kwa chaki na spiriti hata kisibakiwe na alama ya kidole. Kisha hukishika kwa pembe, akamimina katikati yake ule uji wa manjano, akakiinamisha upande huu na upande huu mpaka uenee kote, na ziada yake irudi chupani. Uji wenyewe ni pamba iliyochovywa katika asidi kali, ikayeyushwa kwa etha na spiriti, ikatiwa chumvi za iodini na bromini. Madaktari waliutumia kufunikia majeraha kabla ya wapiga picha kuujua. Kabla utando huo haujakauka, kioo hutumbukizwa gizani katika maji ya naitreti ya fedha kwa dakika 3 hivi, na hapo ndipo kinapopata macho. Tangu wakati huo hakuna kungoja. Lazima kitiwe kamerani, kioneshwe mwanga, kisafishwe kwa salfeti ya chuma na kuoshwa kingali kibichi, na muda wote huo, penye hewa ya wastani, haupiti dakika 10 au 15.

Njia hii ilitangazwa mwezi Machi 1851 katika jarida la The Chemist na Frederick Scott Archer, mchonga sanamu wa Uingereza. Archer hakuifungia hataza, akaiacha itumiwe na kila mtu. William Henry Fox Talbot, aliyekuwa na hataza ya picha za karatasi, alidai kwamba kolodioni nayo imo ndani ya haki yake. Mwaka 1854 baraza la wazee wa mahakama mjini London likalikataa dai hilo. Archer akafa mwaka 1857, fukara. Kwa muda wa miaka 30 karibu ulimwengu mzima wa picha ulijengwa juu ya kitu ambacho mwenyewe hakukifaidi, mpaka sahani kavu za jelatini zilipokiondoa sokoni.

Sasa kimerudi. Katika miongo ya karibuni wameibuka Ulaya na Marekani watu wanaojifunza upya kazi hii, vidole vyao vikiwa vyeusi kwa fedha, na wengine wamepata sifa kubwa kwayo. Sally Mann wa Virginia alipiga kwa kolodioni viwanja vya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na baadhi ya kazi hizo zimo katika kitabu chake cha mwaka 2003, What Remains. Anayeanza hukutana na kila aina ya balaa: ukungu usiojulikana ulikotoka, mikia ya vumbi kama vimondo, utando unaobanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba makosa hayo, ambayo mafundi wa zamani waliyaonea haya na kuyakata pembeni, wanafunzi wa leo huyaonesha kwa fahari, kana kwamba doa ni ushahidi wa unyofu. Fundi wa mwaka 1860 angewafukuza kazi.

Wala ugumu wenyewe si fadhila. Mwaka huo wa 1860, msafara wa Speke na Grant ulipoondoka Unguja kwenda bara, James Augustus Grant ndiye aliyepewa kazi ya kupiga picha. Haukupita muda Speke akavirudisha vyombo, akiona kwamba kazi hiyo imezidi kiasi kwa hali ya hewa ya huku, na Grant akashika rangi za maji badala yake. Anayeijua pwani haoni ajabu. Etha huchemka kwenye nyuzi 35 hivi, ambalo ni joto la hema la mchana, na utando unaongoja dakika 10 kule Scotland hapa hukauka mpigaji angali anatafuta kifuniko cha lenzi. Kushindwa kule hakukuwa aibu, na lau Grant angefaulu asingekuwa mtu bora zaidi kwa sababu ya jasho lake.

Lakini wapenzi wa kioo kibichi wana hoja nyingine, yenye uzito kuliko hii ya ugumu, nayo ni hoja ya maadili. Husema kwamba kamera ya leo ni mwizi. Simu huinuliwa njiani, ikamnyakua mpita njia akiwa na mdomo wazi au akiwa katika huzuni yake, na mwenye sura hana habari. Kioo kibichi hakiwezi kuiba. Chahitaji mwanga mwingi na sekunde nyingi. Mwenye kupigwa sharti akae, ajue kwamba anapigwa, akubali, azuie pumzi. Zamani nyuma ya kichwa chake kiliwekwa kigango cha chuma kisichoonekana, apate kutulia. Watoto wachanga walipakatwa na mama zao waliofunikwa shuka gubigubi wakadhaniwa kiti, na hadi leo picha hizo zipo, mtoto amekaa juu ya mlima wa kitambaa wenye mikono. Kwa hiyo, wanasema, picha hii haichukuliwi bali hutolewa. Ni ahadi baina ya watu wawili.

Hoja hii ni nzuri, na kwa uzuri wake huu yafaa ipimwe. Kiswahili kina bahati ya kutofautisha baina ya kutulia na kutulizwa. Fedha iliyomo kiooni haitofautishi. Inachotaka ni kitu kisichotikisika, basi; haiulizi kwa nini hakitikisiki.

Mtu wa kupimia hoja hii ni Alexander Gardner, Mskochi aliyehamia Marekani. Mwezi Februari 1865 Rais Abraham Lincoln aliketi mbele ya kamera yake mjini Washington. Kioo kimoja cha siku ile kilipasuka, ufa ukapita juu ya kichwa. Ilichapwa nakala moja tu na kioo kikatupwa. Lincoln alituli­a kwa sababu alitaka, na laiti asingetaka angeinuka akaenda zake. Mwezi Aprili Lincoln akauawa, na mmoja wa waliokula njama, kijana Lewis Powell, akafungwa ndani ya manowari. Gardner alikwenda huko na vioo vyake. Katika picha Powell anaonekana na pingu mikononi, nyuma yake ukuta wa chuma, anatazama kamera kwa macho makavu yanayowavutia watazamaji mpaka leo. Naye alitulia, na picha ni safi. Tarehe 7 Julai akanyongwa pamoja na wenziwe watatu, na hilo nalo Gardner alilipiga.

Miaka miwili kabla yake, siku chache baada ya mapigano ya Gettysburg ya Julai 1863, Gardner na wasaidizi wake walifika uwanjani maiti wengi wakiwa hawajazikwa. Ilitoka huko picha mashuhuri ya askari wa Kusini amelala baina ya majabali, bunduki imeegemezwa ukutani, ambayo Gardner aliitia katika kitabu chake cha mwaka 1866 akimwita askari huyo mdunguaji aliyefia kwenye maficho yake. Zaidi ya karne moja baadaye, mwanahistoria William Frassanito alilinganisha vioo vya siku ile na kuonesha kwamba maiti huyohuyo amepigwa picha mahali pengine pia, kiasi cha yadi 40 kutoka pale. Alibebwa. Kichwa kikaelekezwa kwenye lenzi, na bunduki ile haikuwa silaha ya mdunguaji.

Hapa ndipo mtu anapopaswa kusita. Maiti ndiye mtulivu kuliko wote. Hahitaji kigango, hapepesi, halalamiki. Kama utulivu ndio ridhaa, basi yeye ndiye aliyeridhia kuliko Rais. Ule upole wa kazi, zile dakika za kutayarisha, kule kumimina kwa mkono usiotetemeka, vyote vilikuwapo pale majabalini, na havikumzuia mtu yeyote kumbeba mfu na kumtungia kifo. Pengine vilisaidia. Anayeiba kwa simu huiba kwa pupa, na huenda akajuta. Waliombeba yule askari walikuwa na nafasi ya kutosha ya kufikiri.

Na hata aliyekubali kwa moyo wake hana hakika ya kukiona alichokitoa. Kolodioni huona samawati na zambarau, lakini kwa nyekundu na manjano ni kipofu. Macho ya samawati hugeuka meupe kama ya kipofu, midomo myekundu huwa myeusi, na ngozi ya kahawia hutoka nyeusi kuliko ilivyo. Katika picha nyingi za Wamaori za karne ya 19, moko zao, zile chale za uso ambazo ndani yake mna nasaba na heshima ya mtu, zimefifia au zimetoweka kabisa. Mtu alikaa mbele ya kamera na ukoo wake usoni. Kioo kikamtoa bila ukoo. Hakuna aliyedanganya, na kilichosemwa si kweli.

Pamoja na hayo yupo aliyejua kukitumia. Sojourner Truth alizaliwa utumwani katika jimbo la New York mwishoni mwa karne ya 18, na hakujua kusoma wala kuandika. Alipokuwa mzee, katika miaka hiyohiyo ya vita, alijipigisha picha ndogo za kadi na kuziuza yeye mwenyewe katika mikutano yake ya kupinga utumwa. Mwaka 1864 alisajili haki ya picha zile kwa jina lake, ambapo kwa desturi haki kama hiyo ilikuwa ya mpigaji. Chini yake alichapisha maneno ya kusema kwamba anauza kivuli ili kuutunza mwili. Mtu aliyewahi kuuzwa mwili sasa anauza kivuli, na bei ni yake. Katika kadi nyingine ameketi na uzi wa kufuma, kilemba cheupe kichwani, miwani machoni, na katika moja amepakata picha ya mjukuu wake aliyekuwa askari. Sekunde alizotulia yeye ni zilezile alizotulia Powell, na mtu akivipima vioo vyao kwa mizani ya maabara, fedha ni fedha.

Kwa hiyo yule anayejifunza kazi hii leo hawezi kuiachia kazi yenyewe imtendee wema. Lakini kuna dakika moja, karibu na mwisho, ambayo simu haina. Kioo kikiisha kuoshwa hutiwa katika hipo au, kwa wasioogopa sumu, katika sianidi, na ule ukungu wa kimaziwa huondoka taratibu, uso ukajitokeza. Wengi humwita aliyepigwa asogee atazame. Hujiona kinyume, kama anavyojiona katika kioo cha nyumbani, baka la shavu la kulia likiwa kushoto. Bado picha haijapakwa vanishi. Vanishi hiyo hupikwa kwa mafuta ya lavenda na sandaraki, utomvu wa mti wa Afrika Kaskazini ambao kwa jina tu ni ndugu ya sandarusi yetu, ile iliyobebwa kwa majahazi na marikebu kutoka Unguja hadi Salem kwa watengeneza vanishi wa Marekani. Kabla ya kupakwa, utando ni laini mno, kidole kimoja chatosha kuufuta uso wote. Wamesimama wawili juu ya beseni, mmoja mikono yake imelowa, mwingine anaitazama sura yake. Wakati wa kuuliza kama ibaki au ifutwe ni huo, na mwenye kuuliza ni yule mwenye mikono iliyolowa.