Watu 908 Waliotungwa

Doa jeupe kinywani lisilotoka hata likikwanguliwa humpa daktari kazi ngumu. Mengi ya madoa hayo hukaa miaka na mikaka bila madhara, machache hugeuka saratani, na hadubini pekee haimwambii lipi ni lipi. Ndiyo maana watafiti huchungulia ndani ya seli kutafuta kiashiria.

Jon Sudbø, daktari wa Oslo nchini Norwe, alisema amekipata. Seli ya kawaida ya mwili ina kromosomu 46. Mwaka 2001, katika jarida la New England Journal of Medicine, aliandika kwamba doa lenye seli zilizovuruga hesabu hiyo liko hatarini mno kugeuka saratani. Mwaka 2004 akaongeza kuwa hata likikatwa lote, mgonjwa haponi hatari ya kufa. Fikiria mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari aliyeyasoma hayo na kuyaamini.

Oktoba 2005 akatoa makala nyingine katika jarida la Lancet, akidai kwamba dawa fulani za maumivu hupunguza saratani ya kinywa. Ushahidi wake ulikuwa watu 908. Camilla Stoltenberg, wa taasisi ya taifa ya afya ya jamii, aliisoma wakati wa Krismasi akashtuka: hazina ya takwimu iliyotajwa humo ilikuwa bado haijafunguliwa kwa watafiti. Watu wale hawakuwapo. Sudbø aliwatunga mwenyewe, na 250 kati yao akawapa tarehe moja ya kuzaliwa.

Makala ile ilikuwa na waandishi wenza 13, na hakuna hata mmoja aliyepiga kengele. Hapo ndipo panaponiuma. Mwongo mmoja hutokea popote. Lakini anayetia jina lake kwenye kazi amemdhamini mwenziwe mbele ya wagonjwa. Zilipochunguzwa kazi za nyuma, picha mbili za seli katika makala ya 2001, zilizodaiwa kuwa tofauti, zilionekana ni moja iliyokuzwa.

Makala zote tatu zilifutwa, na Sudbø akanyang'anywa leseni ya udaktari na ya udaktari wa meno. Watafiti wengine walilazimika kukipima upya kiashiria kile, kwa wagonjwa wa kweli. Nawe ukiwa na doa jeupe au jekundu, au kidonda cha kinywa kilichopita wiki mbili bila kupona, nenda kwa daktari wa meno akakichunguze, na ikibidi akate kinyama kikapimwe maabara.