Limbwata na Ridhaa katika Tamthilia ya Shakespeare

Je, pendo lililopatikana kwa dawa ni pendo? Katika A Midsummer Night's Dream, iliyochapishwa mwaka 1600, Egeus wa Athens anataka bintiye Hermia aolewe na Demetrius, la sivyo auawe kwa mujibu wa sheria. Msituni nako, Oberon, mfalme wa majini, anamtia mkewe Titania utomvu wa ua machoni, naye anampenda mtu mwenye kichwa cha punda. Hapo Oberon anampokonya mtoto yatima anayemlea.

Ni rahisi kuziona arusi za mwishoni kuwa ushindi wa mapenzi dhidi ya ukali wa mzazi. Lakini Titania anazinduliwa. Demetrius, aliyetiwa utomvu uo huo, hazinduliwi. Anamwoa Helena akiwa bado na limbwata machoni. Yamkini atatokea wa kudai kwamba alimpenda Helena hapo awali, na kwamba dawa imemrudisha tu. Hata hivyo, kurudishwa si kurudi. Egeus alitumia sheria, Oberon akatumia dawa. Tunamlaani wa kwanza na kumshangilia wa pili kwa kuwa tu matokeo yake yanatupendeza.