Ana Upara, au Ni Kipara?

Kila Ijumaa Kuu Wakatoliki wa Mbinga hufuata Njia ya Msalaba hadi Kalvari, na ni wachache wanaojua kwamba jina hilo lina upara ndani yake. Kwa Kilatini mtu asiye na nywele kichwani aliitwa calvus. Hapo ndipo ilipotoka calvaria, yaani fuvu la kichwa, tafsiri ya Golgotha. Wamisionari Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898 na misa yao ya Kilatini. Lugha ile imenyamaza, Kalvari imebaki.

Watoto wa calvus wametawanyika. Wafaransa husema chauve, Waitaliano na Wahispania husema calvo. Kireno nacho kina calvo, na Kireno ni jirani: fuata ufuko wa Ziwa Nyasa kusini ya Mbamba Bay, utaingia Msumbiji.

Neno la pili, glaber, lilikuwa la ngozi laini isiyo na vinyweleo. Roma ilikuwa na watumwa vijana walioitwa glabri, kana kwamba ngozi ndiyo utu wao wote. Hata wafalme hawakusalimika. Charles, aliyetawala Wafaranki wa magharibi akafa mwaka 877, anaitwa Charles le Chauve mpaka leo, ingawa wanahistoria hawakubaliani kama kweli alikuwa na upara.

Kiswahili kinatupa nafasi ya kuchagua. "Ana upara" ni habari ya kichwa. "Yule kipara" ni habari ya mtu mzima, mke wake, shamba lake la kahawa na madeni yake, vyote vimefunikwa na kichwa.

Utasema huu ni utani tu, na watu wa Ruvuma wanaujua utani. Kweli. Lakini utani una sharti: anayetaniwa awe na nafasi ya kujibu. Mzee anayeitwa Kipara kilabuni, naye akamwita mwenzake Kitambi, hajapoteza kitu.

Mwaka 2017, huko Milange, mbali kusini mwa ziwa, wanaume wenye upara waliuawa kwa imani kwamba vichwa vyao vina dhahabu. Polisi wa Msumbiji wakalazimika kuwaonya wenye upara wajihadhari. Sisemi jina la utani lilishika panga. Nasema muuaji alipiga hatua ambayo ulimi huizoea mapema: kiungo kuchukua nafasi ya mtu. Tanzania tunaijua hatua hiyo. Ndiyo maana wengi wetu tumejifunza kuacha "zeruzeru" na kusema "mtu mwenye ualbino", ingawa maneno ni marefu zaidi.

Urefu huo ndio gharama ya heshima. "Mwenye" ni neno dogo, lakini linamtanguliza mtu na kuacha upara ufuate nyuma yake. Kabla ya kumpa mtu jina, basi, tujiulize: akitaka kunijibu, ataweza?