Vita Vikisikiwa kwa Mbali

Je, yampasa Mkristo kufurahia ushindi wa vita vya haki? Zamani ningalijibu upesi: ndiyo. Sisi tuliozaliwa baada ya vita vya Kagera tulivijua shuleni kwa tarehe na kwa nyimbo. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, daraja la Kyaka likavunjwa. Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Seminarini tuliongeza masharti ya vita vya haki, kama walivyoyafundisha Mtakatifu Augustino na Mtakatifu Thomasi wa Akwino, tukaona yametimia. Hata leo sioni kwamba nchi yetu ilikosa kujitetea.

Lakini huku Ibadakuli, karibu na Shinyanga, yuko bibi mmoja Mhaya aliyekuja kukaa kwa binti yake. Jioni moja, akichambua karanga uani, nilimwuliza habari za vita. Hakumtaja Amin. Alisimulia kwamba asubuhi ile, alipotoka mbio na wanawe, aliwafungia watoto wa mbuzi kibandani wasipotee, akidhani atarudi jioni. Walikwisha kufika mbali, miguu imevimba, ndipo alipokumbuka kwamba hakuna wa kuwafungulia. Nyumba na migomba aliyoipoteza aliitaja kwa neno moja tu. Ya mbuzi aliyasimulia mpaka giza likaingia.

Nikamwuliza juu ya Masaka. Maana Februari 1979 askari wetu walipouteka mji huo wa Uganda, waliubomoa kwa mizinga na baruti, kulipiza yaliyotendeka Kagera. (Hayo hatukuyaimba shuleni.)

“Nilifurahi, Padri,” akasema. “Nilimshukuru Mungu.”

Sikumkemea. Nani angethubutu? Walakini hapa ndipo penye hatari. Aliyeteswa husema kweli, lakini kweli ya ua wake. Akisikilizwa peke yake, machozi yake yaweza kugeuka kuni za moto mwingine, maana asikiaye kwa mbali huazima hasira isiyo yake, wala hailipii. Mwenye jeraha ana udhuru. Sisi tulio mbali hatunao. Sisi hatukukimbia usiku, wala hatukuzika mtu njiani. Kwa hiyo tunao wasaa, nao ni deni, wa kumsikiliza pia mama wa Masaka, ambaye bila shaka naye aliacha kitu nyumbani.

Januari 2025, mji wa Goma ulipotekwa na waasi wa M23, niliwakuta vijana wetu kijiweni, simu mikononi, wakibishana upande upi una nguvu, kama wabishanao juu ya Simba na Yanga. Nami niliimba vivyo hivyo utotoni, basi sikuwahubiria. Nilimwomba bibi aje awasimulie habari ya mbuzi. Alikubali, kwa sharti kwamba nisimwulize ya Masaka mbele ya watu.

Alipomaliza, kijana mmoja akataka kujua kama mbuzi walikufa. Bibi akajibu kwamba aliporudi mwaka 1979 alikuta mlango wa kibanda umefunguliwa. Aliyeufungua hamjui. Huenda mwizi, akasema. Huenda askari wa Amin.