Kitovu Kisichoshikika

Fundi wa Mwanza anayetengeneza flanji ya bomba la maji huanza kwa kuweka alama ambayo haitabaki. Huchora mistari miwili ikatane, hugonga senta panchi pale inapokutania, kisha hutoboa. Keekee inaila alama ileile. Vipimo vyote vilitoka kwenye nukta hiyo. Sasa pana uwazi mtupu.

Je, kitovu cha tundu kipo?

Mwaka 1970 David Lewis na Stephanie Lewis walichapisha mazungumzo ya kifalsafa kuhusu matundu. Mhusika mmoja, asiyekubali chochote kisicho maada, anaishia kudai kwamba tundu ni ule ukingo unaolizunguka. Mchoro wa kihandisi haumuungi mkono. Kwenye kompyuta, mstari wa katikati, kistari kirefu kwa kifupi, hupita juu ya uwazi, na vipimo vya mahali pa tundu huanzia hapo, si ukingoni.

Flanji ya bomba la milimita 100, ya daraja la shinikizo la PN16, ina matundu 8, yamepangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 180. Mtu atasema hayo ni makubaliano tu. Ni kweli, 180 ilichaguliwa na watu. Lakini matundu 8 yakigawana duara sawasawa, kila moja hukaa nyuzi 45 kutoka kwa jirani yake, na hakuna kikao kinachoweza kupiga kura ziwe 50.

Kitovu kikipuuzwa, chuma hukataa. Anayepima kila tundu kutoka lililotangulia hurithi kosa lake: nusu milimita kila hatua, la nane limehama milimita 3.5. Tundu la milimita 18 huiachia bolti ya 16 nafasi ya milimita 2 tu.

Ziwa Victoria lina ushahidi mkubwa zaidi. Meli Usoga ilifungwa kwa bolti huko Paisley, Uskoti, ikafunguliwa, vipande vikatiwa namba na kuletwa Kisumu, ikashushwa majini mwaka 1913. MV Victoria, inayojulikana sana Mwanza na Bukoba, nayo ilikuja vipandevipande kutoka Uskoti, ikaanza safari mwaka 1961.

Kitovu kipo, ingawa hakina uzito wala upana. Anayeshikilia kwamba halisi ni kile kinachoshikika tu, na aeleze ni nini kilichoyafanya matundu yaliyotobolewa Paisley yakubaliane tena Kisumu.